Mwizi anatafuta muda na kimya: namna ya kuilinda nyumba Tabora

Usiku mmoja wa Januari, miaka kadhaa iliyopita, mvua kubwa ikinyesha, wezi waliingia katika nyumba tuliyokuwa tumepanga upande wa Ng'ambo, hapa Tabora mjini. Tulipoamka tulikuta mlango wa mbele umefungwa kama tulivyouacha, makofuli yote mawili yakiwa mahali pake, na grili za madirisha hazina hata mkwaruzo. Walikuwa wametoboa ukuta wa stoo kwa nyuma, karibu kabisa na ardhi, tundu lenye upana wa beseni kubwa la kufulia, wakatoa gunia moja la mahindi, ndoo mbili za asali na cherehani ya mke wangu, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitununulia sare na madaftari ya watoto. Hakuna aliyesikia chochote, kwa sababu mvua ikipiga juu ya bati hata watu wawili walio chumba kimoja husikizana kwa shida.

Fedha zetu zote za ulinzi tulikuwa tumeziweka kwenye mlango wa mbele, yaani mahali ambapo wageni wanapaona, ilhali mwizi hakuwa mgeni wa mbele. Mwizi wa usiku anahitaji vitu viwili tu ili afanikiwe, muda na kimya, na huvitafuta pale ambapo mwenye nyumba hajapaangalia. Kila shilingi unayotumia katika ulinzi ijiulize swali moja: je, itamchelewesha, au itamlazimisha kupiga kelele? Mengi kati ya nitakayoyaeleza hapa yanagharimu kidogo, na baadhi hayagharimu kitu, lakini yote yanajibu swali hilo.

Anza kwa kuizunguka nyumba

Kabla hujamwita fundi wala kununua kofuli jipya, toka nje mara mbili, mchana mara moja na usiku mara moja, ukaizunguke nyumba yako kana kwamba si yako. Usiku, simama nyuma ya jiko na nyuma ya choo cha nje, uangalie kama kuna jirani anayeweza kukuona pale ulipo. Kama hayupo, hapo ndipo mwizi atakaposimama. Gusa ukuta kwa mkono, hasa sehemu ya chini. Sukuma kila dirisha. Angalia ni kitu gani kilichoachwa uani ambacho mtu angeweza kukikanyagia au kukitumia kuvunjia. Mwambie mtu mzima mmoja abaki ndani na akuambie alisikia nini ulipokuwa ukitembea, kwa maana ukiweza kuizunguka nyumba nzima bila kusikika, mwizi naye ataweza.

Andika unachokiona, kisha panga matengenezo kwa kuanzia na mahali palipo dhaifu kuliko pote, hata kama ni mahali pasipo na sura. Najua jinsi inavyouma kutumia fedha nyuma ya stoo wakati mlango wa sebuleni unahitaji rangi, lakini utaratibu uwe huo.

Ukuta

Nyumba nyingi za mitaa yetu ya zamani, na nyingi zaidi katika vijiji vya Uyui, Sikonge, Urambo na Kaliua, zimejengwa kwa matofali mabichi ya udongo, zikapigwa lipu nyembamba ya saruji kwa nje ili zipendeze. Ukuta wa namna hiyo, ukiwa mkavu, una nguvu ya kutosha kubeba paa, lakini hauwezi kumzuia mtu mwenye nondo na nusu saa ya utulivu. Hali huwa mbaya zaidi wakati wa masika. Mvua zetu huanza kuelekea Novemba na kuendelea hadi Aprili, na katika miezi hiyo maji yanayomwagika kutoka kwenye bati huchimba ardhi chini ya ukuta, yakarukia lipu na kulainisha matofali ya chini, hata mtu akaweza kuyachimbua kwa kisu. Mvua hiyo hiyo inayolainisha ukuta ndiyo inayofunika sauti ya kuchimba. Kwa hiyo kazi ya ukuta ifanywe wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba, udongo ukiwa mkavu na mafundi wakiwa wanapatikana, wala isingojwe mpaka mawingu yaanze kujikusanya.

Kama unajenga upya, ongeza kimo cha msingi wa mawe au wa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa saruji, ufike angalau usawa wa goti juu ya ardhi kabla ya kuanza matofali ya udongo, kwa kuwa mwizi anayetoboa hupenda kutoboa chini, akiwa amechuchumaa au amelala, asionekane. Kama nyumba imekwisha kujengwa, njia ninayoiamini ni kubandua lipu ya sehemu ya chini ya kuta za vyumba vyenye mali, kupigilia wavu wa waya, hata ule wa banda la kuku, kwa misumari mirefu, kisha kupiga lipu mpya ya saruji juu yake. Saruji pekee hupasuka na kuanguka vipande vipande, lakini ikiwa imeshikwa na waya hukatika kwa shida na kwa kelele. Si lazima ufanye nyumba nzima kwa mara moja. Sisi tulianza na stoo, mwaka uliofuata tukafanya chumba cha kulala, tena kwa mifuko michache tu ya saruji.

Pamoja na hayo, chimba mfereji mdogo wa kuondoa maji ya paa mbali na ukuta, na ndani ya stoo usiegemeze magunia kwenye ukuta wa nje. Yaegemeze kwenye ukuta wa ndani, juu ya magogo, ili kila asubuhi uuone ukuta wa nje ukiwa mtupu na ujue kama kuna mtu ameanza kuuchokoa. Wapo wezi wanaochimba kidogo usiku mmoja, wakafukia kwa udongo uliolowa, wakarudi kumalizia usiku mwingine.

Wazee wetu walilijua jambo hili la kuta. Tembe za Unyamwezi, zile nyumba za kale zenye paa la udongo, zilijengwa kwa kuta nene zenye nafasi chache za nje, vyumba vikitazama uani na watu wote wakipita mlango mkubwa mmoja, na aliyewahi kulitembelea tembe la Kwihara, ambako David Livingstone aliishi mwaka 1872, ataelewa kwa kulitazama tu kwamba waliojenga kwa mtindo huo walijua kwamba lango likiwa moja ni rahisi kulilinda. Hatuwezi kurudi kwenye paa za udongo, lakini tunaweza kupunguza milango ya nje. Nyumba yenye milango mitatu ya nje ambayo miwili haitumiki ina milango miwili inayomsubiri mwizi, na ni heri mmoja uzibwe kwa matofali.

Mlango

Kila mkazi wa Tanzania amesikia habari za jiwe linaloitwa Fatuma, lile jiwe kubwa ambalo majambazi hulibeba watu wawili au watatu na kulirusha mlangoni hadi mlango ukaanguka ndani. Wanaonunua mlango mzito kwa ajili ya kuliogopa jiwe hilo wamefanya nusu ya kazi, kwa sababu mlango ukipigwa namna hiyo mara nyingi ubao haukatiki: kinachong'oka ni fremu, au bawaba, au kipande kidogo cha bati ambamo ulimi wa kitasa huingia. Tabora tuna bahati ya kuwa karibu na mbao za mninga, na mlango wa mninga mzima ni mlango wa kweli, lakini ukiufunga kwa skrubu za inchi moja kwenye fremu iliyosimamishwa kwa misumari miwili, umepoteza fedha zako.

Mwambie fundi aifunge fremu kwa vishikio vya chuma vilivyojengewa ndani ya ukuta, angalau vitatu kila upande, na pale ambapo ukuta ni wa udongo, pembeni mwa mlango pajengwe nguzo za matofali ya kuchoma au za zege. Skrubu za bawaba ziwe ndefu, inchi tatu, ziingie hadi ndani ya fremu. Bawaba tatu ni bora kuliko mbili. Ikiwa mlango unafunguka kwa nje, pini za bawaba huwa zinaonekana kutoka nje na mtu anaweza kuzigonga zikatoka bila kugusa kitasa kabisa, kwa hiyo bawaba za chuma zichomelewe doa dogo juu na chini ili pini isitoke.

Kitasa pekee hakitoshi. Ongeza komeo la chuma juu na lingine chini, kwa ndani, maana mlango ulioshikwa mahali pamoja katikati hupinda ukipigwa, ila ulioshikwa juu, katikati na chini hugawanya lile pigo. Zaidi ya hayo, kuna ulinzi wa bei rahisi ambao bibi zetu waliutumia na ambao sioni sababu ya kuuona aibu: mti wa kukingia, yaani gogo lililonyooka linalolala kwa mapana nyuma ya mlango, likishikwa na vikono viwili vya chuma vilivyofungwa ukutani. Likiwa limewekwa, anayerusha jiwe anapigana na ukuta mzima. Gharama yake ni gogo na vipande viwili vya chuma kutoka kwa fundi wa kuchomelea.

Kuhusu kofuli, jihadhari na mambo mawili. La kwanza, masikio ya kofuli mara nyingi ni dhaifu kuliko kofuli lenyewe, na mwizi hapotezi muda kwenye kofuli zuri ikiwa anaweza kung'oa masikio kwa nondo. Yafungwe kwa bolti zinazopenya mlango mzima na kukazwa kwa nati upande wa ndani. La pili, kofuli linaloning'inia nje ya mlango humwambia kila apitaye kwamba ndani hamna mtu. Kwa mwenye uwezo, kitasa kinachofungwa kwa ufunguo ni bora kwa mlango ambao kila mtu anauona kutoka barabarani.

Wapangaji wenzangu nawaomba wasilipuuze hili: mnapohamia nyumba mpya, badilisheni kitasa siku hiyo hiyo, hata kama mwenye nyumba anasema ni kizima. Hamjui ni wapangaji wangapi waliotangulia, wala ni nani kati yao aliyechongesha funguo za ziada.

Madirisha

Grili ndiyo ulinzi tulioupenda kuliko wote, na ndiyo ninaouona umekosewa mara nyingi zaidi. Nondo za milimita 12 zinatosha kwa nyumba ya kawaida, nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 10, kwa maana wezi watu wazima huwatumia watoto kupita mahali ambapo wao hawapiti. Ncha za grili ziingie ndani ya ukuta na kuzibwa kwa saruji. Grili iliyofungwa juu ya fremu ya mbao kwa skrubu za nje hufunguliwa kwa bisibisi.

Grili haizuii mkono wala fimbo. Wizi wa kuchokoa kwa mti wenye ndoano unatokea kila msimu wa joto, hasa Septemba na Oktoba, tunapolala madirisha yakiwa wazi kwa sababu chumba hakikaliki. Mwizi hukata wavu wa mbu kwa wembe, akaingiza mti wake, akavuta suruali iliyotundikwa, pochi, au simu inayochajiwa juu ya meza. Tiba yake ni mpangilio wa chumba: usichaji simu karibu na dirisha, usitundike nguo zenye fedha mkabala na dirisha, na kabisa usiache funguo za mlango kwenye msumari unaofikiwa kwa fimbo.

Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza yameenea sana katika nyumba mpya za Ipuli na kwingineko, nayo huweza kuinuliwa na kutolewa kwenye njia yake hata kama yamefungwa. Kipande cha ubao kilichokatwa sawasawa na kulazwa kwenye njia ya dirisha kwa ndani huzuia lisisogezwe, na skrubu fupi iliyofungwa kwenye njia ya juu huzuia lisiinuliwe.

Sasa nieleze jambo ambalo ni kubwa kuliko wizi. Nyumba yenye grili kila dirisha na makofuli kila mlango inaweza kuwa kaburi siku ya moto. Weka angalau dirisha moja la chumba cha kulala lenye grili inayofunguka kama mlango kwa ndani, na kofuli lake lifunguliwe na kutiwa mafuta kila mwezi ili lisishike kutu. Ufunguo wake na ule wa mlango mkuu uwe na mahali pamoja pasipobadilika, karibu na mlango lakini mbali na dirisha, mahali ambapo hata mtoto wa miaka minane anapajua gizani. Wafanyisheni watoto mazoezi ya kutoka usiku bila taa. Mali tulizoibiwa tulinunua nyingine baada ya miaka miwili, lakini uhai haununuliwi.

Paa

Nyumba ikiwa na kuta imara na grili, mwizi mwenye ujuzi hupanda juu. Hung'oa misumari ya bati moja, akashuka kupitia dari, nayo dari ya jipsamu haimzuii mtu hata dakika moja. Fundi anapoezeka, mwambie atumie misumari mirefu itakayotokeza chini ya papi, yaani mbao zinazoshikilia bati, kisha ncha zake zipindwe kwa nyundo kutoka ndani. Bati lililopindiwa misumari halivutwi bila kuraruka, na bati linaloraruka husikika mtaa mzima. Juu ya stoo, kabla ya dari, waweza kutandaza wavu wa nondo nyembamba.

Hapa kuna jambo la kwetu hasa. Tabora ni mji wa miembe, na sitamshauri mtu aukate mwembe wake. Lakini tawi linalolala juu ya bati ni ngazi, na zaidi ya hapo, kuanzia Novemba maembe yanapoiva na kuanguka juu ya bati usiku kucha, watu wa ndani huzoea kishindo, wakaacha kuamka. Yakatwe matawi yote yanayofika juu ya paa. Utalala vizuri zaidi, na siku bati likigongwa utajua kwamba si embe.

Uani

Nilipozunguka uani kwetu usiku ule wa kwanza baada ya kuibiwa, niliona kwamba tulikuwa tumemwandalia mwizi kila kitu: sururu iliegemea ukuta wa jiko, ngazi ililala nyuma ya banda la kuku, mchi wa kutwangia ulikuwa umesimama ndani ya kinu, na mafiga matatu ya mawe yalikuwa hapo hapo, kila moja likitosha kuvunjia mlango. Mchi wa mti mgumu ni kifaa kizuri sana cha kugongea mlango. Vyote hivyo viingizwe ndani jua linapozama, na iwe kazi ya mtu mmoja anayejulikana, kwa sababu kazi ya wote mara nyingi haifanywi na yeyote.

Mwanga unasaidia ukiwa upande usiotazamwa. Watu wengi huweka taa barazani, mbele, mahali ambapo tayari taa za barabara au za jirani zinafika, wakaacha nyuma pakiwa giza. Kwa kuwa umeme hukatika, na kwa kuwa swichi kuu mara nyingi iko nje karibu na mita na yeyote anaweza kuizima, ninapendelea taa ndogo za sola zinazowaka zenyewe mtu anapopita, zikiwekwa juu kiasi cha kutofikiwa kwa mkono. Sanduku la swichi ya nje lifungwe kwa kofuli. Umeme ukizimika kwako peke yako huku kwa jirani unawaka, usitoke kwenda kuangalia, kwani wapo wanaozima makusudi ili ufungue mlango.

Kuhusu uzio, huenda tutatofautiana. Ukuta mrefu wenye vigae vya chupa juu yake unamzuia mwizi mvivu, lakini aliyekwisha kuuruka anafanya kazi yake kwa raha, kwa kuwa hakuna jirani anayemwona. Kwa nyumba isiyo na mlinzi, ninaona uzio wa michongoma uliokatwa usawa wa kifua ni bora zaidi, kwani miiba yake inamzuia mtu kupita kwa haraka na majirani wanaendelea kuona uani kwako. Minyaa pia inastawi vizuri katika ardhi yetu, ila utomvu wake ni hatari kwa macho, hivyo mwenye watoto wadogo aipande mbali na wanapochezea. Chini ya madirisha mwaga kokoto. Hakuna awezaye kuzikanyaga kimyakimya.

Wapo pia wanaounganisha waya wa umeme kwenye uzio au kwenye grili usiku. Nasema kwa nguvu zangu zote: msifanye hivyo. Umeme huo huua, tena hauchagui, na anayeugusa wa kwanza huwa mtoto aliyetoka kwenda chooni au jirani aliyekuja kuomba msaada. Aliyeutega atakuwa na mauti mikononi mwake, na sheria haitamwonea huruma.

Mbwa ni mlinzi mzuri kwa sababu ya sauti yake kuliko meno yake, kwa hiyo hata mbwa mdogo anatosha. Mzoeze kula kwenye chombo chake tu, kutoka mikononi mwa watu wa nyumbani, maana nyama yenye sumu inayorushwa juu ya uzio ni hila ya kale, na asikose chanjo ya kichaa kila mwaka. Asiyeweza kufuga mbwa afuge kanga, ambao hulia kwa fujo wakimwona mgeni, hata usiku.

Kinachosemwa na kinachoonekana

Wezi wengi hawaji kwa kubahatisha. Wamesikia. Msimu wa masoko ya tumbaku unapofika na wakulima wa Urambo na Kaliua wakilipwa, habari za nani amepata kiasi gani husambaa kilabuni kabla fedha hazijafika nyumbani, na wakati huo huo ndipo nyumba huvamiwa. Fedha zibaki benki au kwenye simu, zitolewe kidogo kidogo, na majirani wote wajue kwamba nyumbani kwako hazilazwi. Boksi la televisheni mpya lisitupwe nje likiwa zima. Lichanwe na kuchomwa. Anayejitambulisha kuwa fundi au msoma mita aoneshe kitambulisho, na usione haya kumwacha nje huku ukiuliza kwa simu.

Mnaposafiri, jambo linalowasaliti ni uwanja. Kwetu uwanja hufagiliwa kila alfajiri, na siku tatu tu za majani ya mwembe yasiyofagiliwa humwambia mpita njia kwamba wenyeji hawapo. Mwombeni jirani afagie, aanike nguo mbili tatu kambani, awashe na kuzima taa. Ninyi mtamfanyia vivyo hivyo akienda Nzega au Mwanza kwa ndugu zake.

Majirani

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijiji vya Unyamwezi na Usukuma vilipochoshwa na wizi wa ng'ombe na mauaji, watu wenyewe walianzisha Sungusungu, na mwaka 1989 sheria ya nchi ikautambua ulinzi huo. Nguvu yake kubwa ilikuwa yowe, ambalo kwa Kisukuma na Kinyamwezi huitwa mwano: likipigwa, kila mtu hutoka, na asiyetoka hutozwa faini. Mjini tumeipoteza desturi hiyo, hata mtu akipiga kelele majirani hufunga madirisha. Irudisheni kwa makubaliano, mkianza na nyumba kumi. Kila nyumba iwe na filimbi, mkubaliane mlio wake, na akisikika mmoja wote wawashe taa na kupiga filimbi zao kabla ya yeyote kutoka nje. Mwenyekiti wa mtaa ajulishwe, ratiba ya doria ipitie kwake, na polisi wa kata awe na orodha ya wanaozunguka usiku, ili walinzi wasije wakadhaniwa wezi.

Mtu akikamatwa, apelekwe kituoni akiwa hai. Nimeona mtu akipigwa kwa sababu tu alikuwa mgeni na hakuweza kujieleza haraka. Kujichukulia sheria mkononi ni kosa la jinai, na aliyekufa hawezi kuwataja wenzake wala aliyenunua mali zenu.

Ukimsikia

Usifungue mlango, wala usitoke na panga. Hujui wako wangapi. Washa taa zote za ndani, ongea kwa sauti kubwa ukiwaita watu kwa majina hata kama uko peke yako, piga filimbi, piga sufuria, piga simu kwa jirani, kisha 112 kwa polisi. Mwizi wa kutoboa akijua ameshajulikana huondoka, kwa sababu kile kimya alichokitegemea kimekwisha. Ikiwa wamekwisha kuingia na wana silaha, wapeni wanachotaka, msiwakazie macho, na wakusanyeni watoto sehemu moja.

Wakishaondoka, msifagie na msipange vitu. Sisi tulifanya kosa hilo kwa aibu ya fujo iliyokuwa ndani, tukafuta nyayo zote kwenye udongo uliolowa nyuma ya stoo. Nyayo zifunikwe kwa beseni au sufuria hadi polisi wafike, hasa mvua ikiwa bado inatishia. Nendeni kituoni asubuhi hiyo hiyo, mtoe maelezo, mpewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu katika kitabu cha polisi, na muitunze.

Maelezo hayo yatakuwa na nguvu ikiwa mlijiandaa kabla. Piga *#06# kwenye kila simu ya nyumbani na uandike namba inayotokea katika daftari. Andika namba ya fremu ya baiskeli, namba za televisheni na redio zilizo kwenye kibandiko cha nyuma, piga picha kila kitu pamoja na risiti zake, kisha mtumie picha hizo ndugu anayeishi mbali. Chora jina lako kwa msumari mahali pasipoonekana kirahisi, kama chini ya kitako cha redio au ndani ya mfuniko wa cherehani. Cherehani ya mke wangu niliwahi kuiona, nina hakika, katika duka la vitu vilivyotumika. Nilizijua alama za kuchakaa kwenye gurudumu lake, lakini sikuwa na risiti, namba, wala picha, na muuzaji alikuwa na maneno sawa na yangu. Cherehani tuliyonayo sasa ina jina la mke wangu chini ya ubao, na namba yake imeandikwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari.